Vipande Vinavyopumua

Faili la mlima lilifika asubuhi, na Dada Ratiba akalifungua kabla hajavua koti. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu kila aliyetaka kujua jambo fulani litafanyika lini mgodini alitumwa kwake. Mwanajiolojia huukata mlima mzima kwa hesabu, ukawa vipande vya mraba, kama mwenye duka anavyokata mche wa sabuni. Kila kipande huandikiwa mahali kilipo, uzito wake na dhahabu iliyomo. Kazi ya Dada Ratiba ilikuwa kuviingiza vipande hivyo kwenye programu ya ratiba, ahakikishe uzito umekaa penye uzito na dhahabu penye dhahabu. Baada ya hapo programu husema kipande kipi kichimbwe mwaka gani, na kipi kiachwe moja kwa moja.

Safari hii ilikwama. Ilimeza vipande vya juu bila shida, ikameza vya magharibi, ilipofika mashariki upande wa chini ikasimama. Ujumbe ulisema uzito wa vipande kadhaa hautulii. Dada Ratiba akavivuta karibu kwenye kioo. Namba zilikuwa zinapanda kidogo, zinashuka kidogo, zinapanda tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Akadhani safu zimepishana, akazipanga upya na kuingiza tena. Namba ziliendelea vilevile, na kwenye spika ndogo iliyokuwa kando ya kioo mtu akakohoa.

Alikuwa mdogo wake. Alikijua kikohozi kile tangu walipokuwa wakilala kitanda kimoja.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, dada. Nimekuita mpaka nimechoka."

Mdogo wake alikuwa mtoboaji wa miamba. Handaki la mashariki liliporomoka msimu wa mvua uliopita, yeye na wenzake wa zamu wakiwa ndani. Kampuni iliwatafuta, kisha ikasema mwamba hauaminiki, na mdomo wa handaki ukazibwa kwa zege. Familia zilipewa pole mbele ya geti, chini ya turubai la kukodi. Siku hiyo meneja alilia, na alilia kweli.

"Na wenzako?"

"Tupo wote. Tumebanana tu, huyu goti lake liko mbavuni mwangu. Njaa hatuisikii. Tatizo ni joto. Mtatutoa lini?"

Swali hilo Dada Ratiba aliulizwa kila siku na watu wa kila aina, na kila siku alikuwa na jibu.

"Ngoja niangalie," akasema.

Akaenda kwanza kwa mwanajiolojia, mzee mpole aliyekuwa anakaribia kustaafu, ambaye chumba chake kilijaa masanduku ya sampuli mpaka wageni wakawa wanakaa juu yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho huku akifuta miwani.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Sampuli za upande ule zilitoka na uvuguvugu. Vijana walikuwa wakiziota kama moto asubuhi za baridi."

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Nilisema, mwanangu. Meneja akaniuliza kama uvuguvugu una dhahabu."

Meneja alipoitwa alikuja mara moja. Akainama kwenye spika akawapa pole kwa mazingira magumu, nao wakashukuru. Kisha akajinyoosha, akamuuliza Dada Ratiba kwenye vipande vile kuna dhahabu kiasi gani.

"Hakuna."

"Na juu yao?"

"Mwamba mtupu. Mwingi."

"Basi tuiache programu iamue. Tusiifundishe kazi."

Dada Ratiba akaandika mwenyewe uzito usiobadilika kwa vile vipande vichache, na programu ikakubali kuendelea, ingawa kwenye faili namba hazikuacha kupumua. Ilifikiri kwa muda wa kunywa chai. Ilipomaliza, vipande vya mashariki chini vilikuwa vimepakwa kijivu, rangi ya vitu visivyochimbwa.

Jioni aliwaeleza nyumbani. Mama yake alikuwa anachagua mchele. Aliuliza kama sauti ya mtoto imekonda, akaambiwa imekonda kidogo, akaendelea kuchagua. Wifi yake, mke wa yule mdogo wake, asubuhi alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya kutokea, anasubiri waondoke pamoja.

"Huyu ni nani?" mlinzi wa geti akauliza.

"Wifi yangu."

"Karibu, wifi. Wi-Fi ya ofisini imekatika tangu juzi, pengine na wewe utatusaidia." Mlinzi alicheka mwenyewe, akawafungulia.

Wifi aliketi mbele ya spika akaweka mkoba mapajani. Mumewe aliuliza kama paa limezibwa. Akamjibu limezibwa, fundi alitaka kubania mabati lakini alimkalia mpaka akamaliza. Akauliza kuhusu mtoto.

"Ameanza shule," wifi akasema. "Mwalimu anamsifu, ila ni mbishi."

"Mwambie baba yuko zamu."

"Nilishamwambia umekufa."

Namba zilipanda, zikashuka.

"Basi usimchanganye," akasema.

Wifi alikaa hapo mpaka wenye ofisi walipoanza kutoka kwenda kula. Chumba kilipobaki na wao wawili, akamgeukia Dada Ratiba.

"Wifi, si wewe unayepanga?"

"Inayopanga ni programu."

"Na programu inasikiliza nini?"

"Dhahabu."

"Basi iambie ipo."

Dada Ratiba hakuwahi kudanganya namba. Aliwahi kugombana na watu wakubwa kwa ajili ya nukta iliyokaa pabaya. Aliutazama mlango, akafungua faili la mlima, na katika kila kipande kilichokuwa kinapumua akaandika dhahabu nyingi kuliko iliyowahi kupatikana mgodini pale. Alikosea mara moja, akafuta, akaandika tena. Kisha akaingiza.

Programu haikusita. Iliupangua mgodi mzima, ikaupanga upya, na mashariki ikawa kazi ya kwanza. Vipande vya kijivu vikawa vyekundu. Wiki hiyohiyo mashine zilihama. Meneja aliwanunulia soda watu wote wa ofisi, akasema siku zote alikuwa na imani na mashariki.

"Tunawasikia," mdogo wake alisema. "Mwenzangu hapa anasema lile ni katapila la zamani, lina gia mbovu. Mwingine anabisha. Wanakaribia kupigana, na hata nafasi ya kukunja ngumi hatuna."

Walicheka huko chini, na namba zikaruka mpaka programu ikatoa onyo. Wake wa wale wenzake walianza kuja. Walisimama kwenye korido kwa zamu, wakiongea kwa sauti ya chini ili wasiwasumbue watu wa uhasibu. Wifi alifua nguo za mumewe, akazipiga pasi, akazileta kwenye mfuko na kuzitundika nyuma ya mlango. Kila asubuhi spika ilisema mashine zimesogea. Siku moja ikasema vumbi limeanza kuwadondokea, na wanaume wakubwa walisikika wakilia kwa sababu ya vumbi hilo.

Ndipo maabara ilipotoa majibu ya mawe ya mashariki. Hayakuwa na kitu.

Dada Ratiba alijua kitakachofuata. Kabla meneja hajawaita alikwenda nyumbani kwa mwanajiolojia, akamkuta anamwagilia maua.

"Sema ni namba zako," akamwambia. "Sema ulikosea, unazikagua upya. Siku chache tu, mzee wangu, watakuwa wamefikiwa. Wamebakiza ukuta mwembamba."

Mzee aliangalia maji yanavyozama kwenye udongo.

"Nitafikiria," akasema.

Ofisini kwa meneja waliketi bega kwa bega. Meneja aligeuza kioo upande wao.

"Mzee, dhahabu hii umeiandika wewe?"

Mwanajiolojia alitazama viatu vyake muda mrefu. Dada Ratiba alisikia anavyopumua.

"Si mimi," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini watu wapo pale. Hilo nalithibitisha."

"Hakuna anayebisha kwamba wapo," meneja akasema.

Dada Ratiba akaondoka kwenye kiti akapiga magoti, jambo ambalo halikuwa kawaida katika ofisi ile. Akamwomba meneja aziache mashine zimalize, yeye afukuzwe, afungwe, afanywe chochote. Meneja alimwinua kwa mikono yake mwenyewe. Akamwambia kila siku ambayo mashine zinachimba mwamba mtupu, mgodi unasogea karibu na kufungwa, na mgodi ukifungwa mji mzima utalala njaa. Yeye si mtu mbaya. Hamfukuzi. Anachotaka ni faili sahihi liingizwe leo.

"Siliingizi," Dada Ratiba akasema.

"Basi nitaleta mtu asiyewajua. Na huyo atafanya kazi yake bila spika."

Akarudi mezani kwake. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Dada Ratiba alifuta dhahabu kipande kimoja baada ya kingine, akaandika sifuri, na cha mdogo wake akakiweka mwisho. Kisha akaingiza. Vyekundu vikarudi kijivu. Baada ya muda mngurumo uliokuwa ukitikisa madirisha ukakatika.

"Dada," spika ikasema. "Mbona kimya?"

"Wamekwenda kula."

"Haya."

Wifi alitoa kitambaa akakishika mdomoni. Jua lilisogea kutoka kwenye meza mpaka sakafuni.

"Dada, hawajamaliza tu kula?"

"Wamehamishiwa magharibi."

"Watarudi lini?"

Aliitazama programu, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Hawarudi," akasema.

Namba zilisimama. Wale wanawake wawili walisogea mbele pamoja, mpaka vipaji vya nyuso vikakaribia kugusa kioo. Kisha zikaanza tena, polepole.

"Afadhali umesema," mdogo wake akajibu. "Ngoja niwaambie wenzangu."

Ilibaki shida ya uzito usiotulia, ambayo ilikwamisha programu kila faili lilipoingizwa, mpaka auandike upya kwa mkono. Dada Ratiba aliwaandikia waliotengeneza programu, akaeleza bila kuficha kitu. Walimjibu kwa adabu. Tatizo hilo wanalijua, wamelipata kutoka migodi mingi, na katika toleo jipya wameweka kisanduku cha kutia alama: "Puuza vipande vinavyopumua." Walimshukuru kwa uvumilivu wake.

Kampuni nayo haikukaa bure. Iliweka spika kubwa zaidi na viti vya plastiki, ikatenga Ijumaa alasiri iwe ya familia. Kila mgeni alipewa helmeti, kwa kuwa kanuni za mgodi hazibagui ofisi na shimo. Wanawake waliketi kwa mistari na helmeti zao, wakiwaeleza waume zao bei ya unga, magonjwa ya watoto, nani kaoa na nani kahama. Mwanajiolojia alipita mlangoni kila Ijumaa, akasimama, akaondoka bila kuingia.

Toleo jipya lilifika siku ya Ijumaa, na ndiyo siku mama yao alipokubali kuja. Miguu ilikuwa inamsumbua, wakampa kiti cha mbele. Alisalimiana na mwanawe, akamuuliza kama joto limepungua, akaambiwa halijapungua ila wamelizoea.

Pembeni yake Dada Ratiba alifungua faili, akapanga safu, uzito penye uzito, dhahabu penye dhahabu. Akakitia alama kile kisanduku cha kupuuza vinavyopumua.

"Hapo ulipo," mama akasema, "hapawezi kupatikana nafasi ya mtu mmoja? Mimi si mnene."

"Hapana, mama," spika ikasema. "Hata pa kujigeuza hakuna."

Mama akaitikia kwa kichwa. Helmeti ikamteremkia machoni, asiiinue.

"Imeingia?" meneja akauliza kutoka mlangoni.

"Imeingia yote," Dada Ratiba akasema.