Fuvu Lililoandikwa Mbwa

Mama Mifupa, kama walivyomwita kazini, alikuwa ameosha mafuvu ya jumba la makumbusho kwa miaka ishirini na sita, kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu. Asubuhi ile alipewa kazi nyepesi: kufunga mafuvu kumi na mawili ya mbwa, yapelekwe shuleni watoto wakayashikeshike.

La tisa lilimkataa mkononi. Alipopitisha kidole nyuma ya taya la chini, alikuta kona yake imejikunja kwa ndani. Akaligeuza. Kwenye kaakaa palikuwa na matundu mawili marefu. Akahesabu meno ya mbele ya juu: manane. Mbwa ana sita. Akahesabu tena, si kwa shaka, kwa raha tu.

Akalipeleka kwa mkuu wa idara, msomi aliyehamia hapo mwaka uliopita. Mkuu alilitupia jicho, akamweleza kwa upole kwamba kibandiko cha fuvu hilo, kilichosema “Mbwa”, kiliandikwa na marehemu mwalimu wake, mtu asiyekosea ovyo.

“Mwalimu wako namheshimu,” alisema Mama Mifupa. “Lakini yeye aliandika, mimi ndiye ninayeosha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu ni wa mfuko.”

Akaweka fuvu la mbwa kando ya lile la tisa, akamweleza mkuu yale ambayo mkuu mwenyewe aliyasomea: kwamba wapo mamalia wanaotaga mayai, wapo wanaozaa mtoto aliyekomaa, kama sisi na mbwa, na wapo wanaozaa kijitoto mfano wa punje ya maharage, kikamalizia kukua mfukoni mwa mama. Wanyama wawindaji wa koo mbili tofauti huweza kufanana uso kama mapacha. Taya halidanganyi: la wenye mfuko hujikunja kwa ndani.

Mkuu akahesabu meno. Akavua miwani, akahesabu upya. Ukoo wa mnyama yule ulitoweka duniani zamani za babu zao, naye alikuwa karibu kumsafirisha ndani ya boksi la sabuni.

“Nisamehe, mama,” alisema. “Nikuandikie kibandiko kipya?”

“Nitaandika mwenyewe.”

Akaandika kwa wino mweusi jina la mnyama, na chini yake jina la aliyemtambua. Picha zilitumwa kwa bingwa wa ng’ambo. Siku ya tatu akajibu kwamba hana la kuongeza. Shule ikapata mafuvu kumi na moja, na Mama Mifupa akaombwa aende nayo akawafundishe watoto.

Mumewe aliposikia habari hizo mezani, alijishika taya, akauliza yeye yumo kundi gani. Akaambiwa ale kwanza.