Kifua cha Golikipa

Saa tatu kasoro asubuhi, katika zahanati ya kiwanda cha saruji, fundi wa kompyuta alibonyeza kitufe cha kuwashia kwa mara ya nne. Feni ilizunguka, maandishi meupe yakapita kwenye kioo cheusi, kisha kompyuta ikakohoa na kuzimika.

"Tangu jana iko hivyo, dada," alisema karani. "Nilidhani ni waya."

Fundi alibadilisha waya. Alichomoa printa na kibodi, akaiwasha ikiwa peke yake. Ikakohoa tena, kikohozi kikavu cha kuvuta kwa chini. Alikijua. Kaka yake, mwendesha kinu cha kusagia, alikuwa analala ameketi, maana akilala chali pumzi inakata. Daktari wa kiwanda alikuwa amesema hawezi kumhamishia kazi ya getini, mbali na vumbi, bila picha ya kifua, na picha imo ndani ya kompyuta hiyo. Orodha ya uhamisho ilifungwa saa sita mchana siku hiyohiyo. Nyingine ni mwakani, na fundi hakuwa na hakika kaka yake angefika mwakani.

Alifungua mfuniko kwa bisibisi. Chini ya feni, katikati ya vumbi, kulikuwa na mapafu mawili ya kijivu, madogo kama ya mbuzi, yakipanda na kushuka.

"Mwaka jana hayakuwemo," alisema karani akichungulia.

Fundi aliyapangusa kwa brashi, akaiinamisha mashine na kuipigapiga mgongoni kama alivyokuwa akimfanyia kaka yake. Ikatema tope la saruji juu ya kitabu cha mahudhurio, ikawaka.

Picha ya kaka yake ilikuwa safi kabisa: kifua kipana, na mtulinga wa kushoto uliowahi kuvunjika ukaunga. Kaka yake hakuwahi kuvunjika mfupa. Akafungua picha ya mtu mwingine, kisha zote zilizobaki, akaukuta mtulinga uleule. Wafanyakazi mia tatu na kumi na wawili walikuwa na kifua kimoja.

"Hicho cha golikipa wa timu ya kiwanda," alieleza karani. "Mashine ya picha iliharibika, miaka sita sasa. Daktari akachagua kifua kizuri, nami kila mwaka nanakili, nabadilisha jina na tarehe. Foleni inakwenda haraka."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kikohozi chenyewe kilifichwa hapo miaka sita bila taabu yoyote. Fundi alishikwa na hasira. Akamwendea daktari.

"Kile si kifua chake, daktari."

"Kumbukumbu zinasema ni chake. Mimi sibishani na kumbukumbu."

Hata hivyo alikuja kuitazama mashine, kwa kuwa karani alimweleza habari za mapafu. Aliweka kipimo ubavuni mwake, akaiambia ivute pumzi, akakunja uso. Kisha akaandika cheti: imedhurika kwa vumbi, ihamishiwe ghorofa ya tatu kwa meneja, penye kiyoyozi, ipewe kazi nyepesi. Meneja aliidhinisha kwa simu kabla wino haujakauka.

"Na kaka yangu?" aliuliza fundi.

"Yule mzima. Mwite atusaidie kubeba."

Kaka mtu alikuja na vumbi lake mpaka kwenye kope, akaikumbatia kompyuta, akapanda. Katika kila ghorofa aliishusha, akashika ukuta, akangoja pumzi. Fundi alitaka kumpokea, akakataa. Kompyuta ilikohoa, naye akakohoa, na meneja aliyekuwa amesimama mlangoni akamwomba ageuzie uso upande mwingine, asije akaiambukiza.

Juu, kompyuta iliwaka mara ya kwanza tu ilipobonyezwa. Ilipumua taratibu kwenye ubaridi, na meneja akaifunika kitambaa.

Saa sita ikagonga. Fundi alimshika kaka yake mkono kwenye ngazi.

"Nenda nyumbani, kaka. Nakuomba."

"Nitawaambia nini, mdogo wangu? Cheti kinasema mzima."

Alijifunga leso puani, akashuka kwenda kinuni, ngazi moja, kituo, ngazi moja.