Kifungu cha Saba na Mbwa Tisa

Kifungu cha saba cha kanuni za mashindano nilikiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na nilikiandika upya mara nne kabla ya kuridhika. Kilisema hivi: "Mbwa hataruhusiwa kuingia uwanjani siku ya mashindano ya farasi, awe na kamba au asiwe nayo. Mbwa atakayeonekana ndani atatolewa nje papo hapo, pamoja na mtu aliyekuja naye, bila kujali cheo chake."

Hayo maneno "bila kujali cheo chake" yalinipendeza sana. Niliyasoma kwa sauti jikoni, na mke wangu akauliza kama kuna waziri anayefuga mbwa mtaani kwetu.

Nilikuwa fundi wa kwato kwa miaka arobaini na mmoja. Nimekata kwato na kupigilia viatu vya farasi wengi kuliko watu ninaowajua kwa majina. Kusoma nilijifunza ukubwani, shule ya jioni, nikiwa na watoto watatu nyumbani. Nilikuwa nafika darasani moja kwa moja kutoka zizini, na mwalimu akanipa kiti cha dirishani kwa kuzihurumia pua za wenzangu. Basi nilipostaafu na kamati ya klabu ya farasi ikanichagua kuwa katibu, sikushangaa. Niliona tu wamechelewa.

Sababu ya kifungu cha saba ilikuwa mjukuu wangu. Mwaka uliotangulia, kijibwa cheupe cha mtazamaji mmoja kilipenya chini ya kamba na kukimbilia kiunzi cha tatu cha kurukwa, wakati ule ule mjukuu wangu alipokuwa anakijia kwa kasi juu ya farasi jike aitwaye Zafarani. Zafarani alikata kona ghafla. Mjukuu wangu aliendelea mbele bila farasi, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Mwenye kijibwa alikuwa amesimama pale pale, anapiga picha.

Aliyenipinga kwenye kikao alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ndiye mlinzi mkuu wa lango, na watu humwita Filimbi kwa kuwa filimbi haimtoki shingoni hata akienda harusini. Yeye anafuga mbwa mmoja wa kahawia, mwenye sikio moja lililolala, anayeitwa Karani.

"Shemeji," alisema, "mbwa na farasi wanalala zizi moja tangu wewe hujajua kushika kalamu."

"Na mimi nashika miguu ya farasi tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu vyako."

Kamati ikacheka. Filimbi hakukata tamaa.

"Zafarani mwenyewe hapati usingizi mpaka Karani alale mlangoni pake. Uongo? Tatizo si mbwa. Tatizo ni mbwa asiye na kazi, aliyekuja na mtu asiye na akili. Mpe mbwa kazi uone kama utamsikia."

"Zizini kuna farasi kumi na mbwa mmoja anayejulikana," nikamjibu. "Uwanjani kuna watu elfu mbili, vipaza sauti, na watoto wanaofukuzana. Wewe unamjua mbwa wako. Farasi anayepita mbio atamjulia wapi?"

Tulipiga kura. Sita kwa tano, kifungu kikapita. Filimbi akanipa mkono kama mwanamume, lakini akaninong'oneza, "Sheria ni msumeno, shemeji. Hukata mbele na nyuma."

Nikamwambia msumeno wangu nimeunoa vizuri.

Baada ya kikao mwenyekiti aliniita pembeni. Huyu ni daktari wa mifugo, mama wa maneno machache, na Zafarani ni mali yake.

"Mzee wangu, nakuambia mapema usije ukasema sikukuambia. Zafarani akigoma tena mwaka huu, namuuza kwa watu wa mashamba akavute mkokoteni. Siwezi kufuga farasi anayevunja watoto wa watu mifupa."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na aliyasikia yote. Ana miaka kumi na tisa, na ndiye aliyemlea Zafarani tangu huyo farasi akiwa mtoto mwenye miguu kama vijiti. Alikwenda akachukua hatamu iliyokwisha kusafishwa, akaanza kuisafisha.

Siku ya mashindano ilianza vizuri mno. Niliweka kibao langoni, herufi nyeusi juu ya nyeupe. Karani nilimkuta amefungwa kamba nje, kwenye kibanda cha walinzi, na bakuli la maji mbele yake.

"Umeona?" Filimbi akasema. "Mimi ni raia mwema."

Hadi saa nne watu walikuwa wamejaa na uwanjani hapakuwa na mbwa hata mmoja. Nilipita huku na huku na daftari langu, nikiwauliza walinzi, nao wakinijibu, "Hakuna, mzee." Kila jibu lilikuwa tamu.

Zikiwa zimebaki dakika arobaini mjukuu wangu aingie, akaja anakimbia.

"Babu! Kiatu cha Zafarani kimelegea. Mguu wa mbele, wa kulia."

"Fundi wa zamu yuko wapi?"

"Yuko chini ya farasi mwingine, na foleni ina watatu. Babu, hatuwahi."

Aproni yangu ya ngozi na vifaa vyangu vilikuwa vimetundikwa ukutani ofisini tangu siku ya kuagwa, kama pambo. Niliviondoa ukutani. Wanasema ng'ombe hazeeki maini, na mimi sikuona kwa nini fundi wa kwato azeeke mikono. Niliuinua mguu wa Zafarani, nikauweka katikati ya magoti yangu, na mgongo ulilalamika kidogo ukanyamaza. Nilichomoa misumari ya zamani, nikatoa kiatu, nikakata ukwato uliozidi, nikapiga tupa mpaka ukawa sawa kama meza. Halafu nikasawazisha na mguu wa pili, kwa kuwa kazi ya mguu mmoja si kazi. Kiatu nikakirudisha kwa misumari minane, nyundo haikukosea hata mara moja. Mjukuu wangu alikuwa ameshika kichwa cha Zafarani, na niliona mabega yake yanashuka taratibu.

"Babu, hujasahau kitu."

"Nisahau nini?"

Pipa la taka halikuwepo karibu. Na mimi nilifundishwa kwamba fundi huacha mahali pake pasafi kuliko alivyopakuta, basi nikaokota vile vipande vya kwato vyote, vikubwa na vidogo, nikavitia kwenye mfuko mkubwa wa mbele wa aproni.

Kisha nikaelekea kwenye kiunzi cha tatu, mahali nilipomwahidi mjukuu wangu kwamba nitasimama. Aproni sikuivua. Nikiri tu: nilitaka watu waione.

Na waliiona. Nilivyokuwa napita kando ya kamba ya watazamaji, nyuso ziligeuka, watu wakatabasamu. Nikawapungia mkono. Wengine wakaanza kucheka, nami nikacheka nao, maana furaha ya siku ile ilikuwa ya wote. Mtoto mmoja alipiga makofi. Nikajiambia, kumbe bado wananikumbuka.

Ndipo nikaona Filimbi anakuja mbio, kashika kofia mkononi.

"Shemeji! Simama hapo hapo. Usigeuke kwa haraka."

Nikageuka kwa haraka.

Nyuma yangu kulikuwa na mbwa tisa. Walikuwa wamepanga mstari mrefu, kama wanafunzi wanaomfuata mwalimu. Mbele kabisa alikuwa Karani, kipande cha kamba iliyotafunwa kikining'inia shingoni. Nyuma yake mbwa wa mtaani, mbwa wa majirani, mmoja mwenye kola nyekundu, mmoja wa miguu mitatu, na wa mwisho kabisa, mchafu kuliko wote, kile kijibwa cheupe cha mwaka jana.

"Wametokea wapi hawa?" nikauliza.

"Chini ya uzio, juu ya uzio, sijui! Wewe umewafanya nini?"

"Mimi?"

Walinzi wawili wakafika na fimbo. Huo ulikuwa ubaya zaidi. Fimbo ya kwanza ilipoinuliwa mstari ulivunjika, mbwa wakatawanyika wakibweka, wawili wakaenda moja kwa moja kwenye kamba ya uwanja. Kule kwenye lango la kuingilia nikamwona Zafarani ameinua kichwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu hakuwa anaona ung'ongo, alikuwa anamwona nyoka mwenyewe. Akaanza kurudi nyuma, hatua moja, mbili. Mjukuu wangu aliinama shingoni kwake akimsemesha. Pembeni alisimama mwenyekiti, mikono kifuani, anatazama. Kipaza sauti kikalitaja jina la Zafarani. Ndiye anayefuata.

Hapo nikahisi kitu kinanivuta tumboni. Karani alikuwa amezamisha pua yake yote mfukoni mwa aproni yangu.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikagusa vile vipande. Aibu iliyonipata siwezi kuiandika vizuri hata kwa kalamu mpya. Kila fundi wa kwato anajua kwamba mbwa huupenda ukwato uliokatwa kuliko mfupa. Kwa miaka arobaini na mmoja nilifanya kazi yangu mbwa wakiwa wamenizunguka, wakinyakua kila kinachoanguka, mpaka nikaacha kuwaona, kama vile mtu anavyoacha kusikia saa yake ya ukutani. Niliandika sheria ya kuwafukuza mbwa, kisha nikajaza mfuko na kuwapitishia karamu mbele ya pua zao.

"Wekeni fimbo chini!" nikawaambia walinzi. "Hawamfuati mtu mwingine yeyote. Wananifuata mimi."

Nikatoa kipande kimoja, nikakiinua juu, nikautikisa mfuko. Masikio kumi na manane yalisimama. Samahani, kumi na saba, la Karani halisimami. Nikaanza kutembea kwenda lango la nyuma, polepole, bila kugeuka. Nilisikia makucha yanakuja nyuma yangu juu ya changarawe. Watazamaji wakaanza kupiga makofi ya kufuata hatua zangu, na sikuwapungia tena.

Filimbi alikuwa ameshafungua lango. Alisimama wima kama askari.

"Mbwa atakayeonekana ndani," akasema.

"Najua."

"Atatolewa nje papo hapo."

"Shemeji, nimekiandika mimi."

"Pamoja na mtu aliyekuja naye," akaendelea, machozi ya kicheko yakimtoka, "bila kujali cheo chake! Pita, katibu."

Nikapita, mbwa wakapita, akafunga. Kwa hiyo mjukuu wangu alipoingia uwanjani sikuwa kwenye kiunzi cha tatu. Nilikuwa nje ya uzio, kona ya mbali, nimekalia ndoo iliyopinduliwa karibu na kiunzi cha sita. Niligawa kile nilichokuwa nacho, kipande kwa kila mbwa, na kikubwa nikampa kile kijibwa cheupe ili kichelewe kumaliza. Wakalala chini, kila mmoja na chake, wakatafuna. Hakuna aliyebweka. Hakuna aliyeinua macho.

Kengele ikalia. Kiunzi cha kwanza, Zafarani akaruka. Cha pili. Cha tatu, pale alipogoma mwaka jana, akapita juu kama maji. Nilikuwa nimeshika mti wa uzio kwa mikono miwili. Cha nne, cha tano, kisha wakakata kona na kuja upande wetu.

Na hapo akatuona. Mzee mmoja na mbwa tisa, hatua kumi kutoka kiunzi cha sita. Niliona masikio yake yakilala nyuma. Niliona mwendo wake ukifupika, na akilini nikamwona mwenye mashamba, mkokoteni, na mjukuu wangu anasafisha hatamu ya farasi asiyekuwepo. Nilitamani kuwafunika mbwa wale wote kwa aproni.

"Twende, mama," nikamsikia mjukuu wangu, sauti ya chini kabisa. "Ni Karani tu. Na babu. Twende."

Karani aliinua kichwa. Alimtazama Zafarani, akapiga mkia mara moja chini, akarudia ukwato wake.

Zafarani alikoroma puani. Masikio yakarudi mbele. Akaruka juu ya kile kiunzi kwa nafasi ambayo ningeweza kupita chini na ndoo yangu kichwani.

Kiunzi cha tisa aliangusha mti mmoja. Wakawa wa tatu. Mimi sikuujali ule mti, na nadhani hata Zafarani hakuujali. Mjukuu wangu hakungoja kuitwa. Alitoka na farasi kwa lango la nyuma, akaja mpaka kwenye ndoo yangu, uso wote meno.

"Babu, ni kweli umefukuzwa?"

"Nimetolewa kwa mujibu wa kifungu cha saba."

Alicheka mpaka akalala juu ya shingo ya Zafarani. Zafarani naye alishusha pua akamnusa Karani. Mwenyekiti alikuja nyuma yao kwa miguu, akawahesabu mbwa kwa kidole, akapapasa kile kiatu cha farasi wake nilichokipigilia.

"Kazi nzuri, mzee," akasema. "Huyu haendi kokote." Kisha akamtazama mjukuu wangu. "Rudini ndani, mnasubiriwa."

Nikainuka niwafuate. Filimbi akaziba lango kwa mkono.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Wanatoa zawadi. Mjukuu wangu ni wa tatu!"

"Kifungu hakikutaja saa ya kurudi, shemeji. Mimi mlinzi tu, sikusoma sana." Akatoa penseli mfukoni na karatasi ya ratiba, akanipa. "Lakini ukipenda kukirekebisha, nitakipeleka kikao kijacho. Naona kura yangu unayo."

Nikakaa tena kwenye ndoo yangu. Niliandika kwamba mbwa watakuwa na kona yao, nje ya uzio, mbali na umati, wakiwa na kamba na kitu cha kutafuna. Nikaongeza kwamba watakuwa chini ya uangalizi wa fundi wa kwato mstaafu. Nikasoma, nikaona si mbaya, nikafuta "mstaafu".

Ndani, kipaza sauti kiliita jina la mjukuu wangu. Kupitia miti ya uzio nikaona utepe wa njano ukifungwa kwenye hatamu. Watu walipiga makofi, nikapiga yangu, na Karani akabweka mara moja, kwa nguvu. Hakuna aliyemkataza. Tulikuwa tumekwisha tolewa nje.