Sumu Aliyoitafuta Nsimire

Mama mwenye binti, weka kazi chini kidogo, usikie yaliyompata Nsimire wa mtaa wa Panzi, Bukavu.

Nsimire alikuwa akifinyanga vyombo kwenye atelie, karakana ya Papa Bisimwa. Kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchanganya udongo. Udongo wenyewe ulitoka Nyantende, mwekundu tu, wa kawaida. Nsimire anafunga kitambaa puani, anaumwagia poda nyeusi ya mfuko, anaukanda kwa visigino mpaka unakuwa wa kahawia nzito kama chokoleti. Ukichomwa kwa moto mkali sana, kikombe kinatoka kigumu kama jiwe. Ukikigonga kinalia kama chuma. "Poda hii usiivute puani," Papa Bisimwa alimwambia siku ya kwanza. Zaidi ya hapo Nsimire hakuuliza.

Binti yake Noëlla alifanya kazi hapo hapo. Yeye alikwangua vikombe vilivyokauka nusu, na maganda ya udongo yakaanguka kwenye karai ili yaloweshwe tena.

Basi mwezi wa tatu Noëlla akaanza kuisha. Uso ulififia, viganja vikawa vyeupe, ngazi tatu tu za atelie anasimama kupumua. Asubuhi anatapika. Mama mwingine angehesabu miezi. Nsimire hakuhesabu, kwa sababu Noëlla aliimba kwenye kwaya ya parokia, na Destin mchumba wake alikuwa kazini mbali, Minova. Nsimire aliwaza karuho, ile sumu ya polepole ambayo Bukavu tunaitaja kwa sauti ya chini. Mtu anakutilia kwenye kinywaji, unakauka mbele ya watu wako, na kila mtu anasema ni malaria.

Akaanza kuchunguza mikono ya watu. Mkono uliomkaa machoni ulikuwa wa Chadia.

Chadia, mfanyakazi mwenzao, alitoka Uvira mwaka jana tu. Kila siku saa nne alifungua termosi yake, chupa ya chai, akamimina kikombe kimoja, akampa Noëlla. Kimoja tu.

"Maman Chadia, siye hatuna koo?" Nsimire alitupa neno kama mzaha.

"Siku utaomba muzuri utapata, maman," Chadia akajibu akicheka. "Hii iko ya mugonjwa."

Mgonjwa! Nani alimwambia kwamba Noëlla ni mgonjwa? Siku ile vikombe vitatu vilimpindia Nsimire kwenye gurudumu. Chadia alipokwenda kusali adhuhuri, Nsimire alifungua termosi, akanusa. Tangawizi. Sawa, aliwaza, tangawizi inafunika harufu nyingi.

Nyumbani alimshika binti kidevu. Pembe za mdomo zilikuwa na rangi ya kahawia.

"Hii ni nini?"

"Iko udongo, mama. Si tunafanyaka kazi ya udongo?"

Jumatano akaamua. Kadutu kuna mzee anayetoa karuho: anakunywesha dawa, unatapika mpaka unalala chini. Nsimire akamshika Noëlla mkono saa ya mapumziko, akamvuta. Noëlla akalia, akajikaza kwenye nguzo.

"Mama, sitaki! Ile dawa sitakunywa!"

Chadia akaja mbio, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Maman Nsimire, unamupeleka wapi?"

"Kwa mwenye atatoa ile kitu uliweka mu tumbo yake!"

"Mimi?"

"Wewe na termosi yako! Unafikiri siko na macho?"

"Ya Allah." Chadia hakukasirika, alimgeukia binti. "Noëlla, nilinyamaza juu uliniomba. Sema sasa, ao mi niseme?"

Chadia akaingiza mkono kwenye mfuko wa tabliye ya Noëlla, aproni yake ya kazi, akautoa umejaa maganda ya udongo, makavu, ya kahawia, mengine na alama za meno.

"Inanishinda, mama," Noëlla alisema. "Nilinunua ile nyeupe ya soko, haina utamu kama hii yetu."

"Tangu siku gani?"

"Tangu sikuona mwezi. Iko miezi ine. Nilikuwa ninangoja Destin akuje na wazee yake."

Hapo Nsimire alitaka kucheka. Mimba! Yeye mwenyewe, akiwa na Noëlla tumboni, alitafuna udongo wa soko, na nani hajautafuna? Kisha akaona kucha zake, nyeusi kwa ile poda. Udongo wa soko hauna poda.

Walimpeleka kwenye sante, kituo cha afya cha karibu, mama upande mmoja, Chadia upande mwingine. Walimweleza muuguzi Pascal yote, naye akataka kujua poda ile ni ya nini. Nsimire hakujua jina. Akampigia simu Papa Bisimwa.

"Nani anauliza?" Papa Bisimwa alisema. "Wafinyanzi wa kule Miti ndio wamekutuma? Wanataka kuiga udongo yangu?"

"Papa, mutoto yangu ameikula miezi ine. Sema jina!"

"Manganezi, madini ya kuchimbwa," akasema, sauti imeshuka.

Pascal aliandika bila kutabasamu, kwa maana madini hayo yakiliwa ni sumu. Akapima damu: imepungua sana, na upungufu huo ndio unaomsukuma mtu kula udongo. Akasikiliza tumbo muda mrefu.

"Moyo wa mtoto unapiga," alisema. "Mengine sitaahidi. Atakuja kila juma. Na ile dawa ya kutapisha, kwa hali hii, ingeweza kuwamaliza wawili." Akageuza ukurasa. "Udongo huo nani anautengeneza?"

Chadia alifungua kinywa. Nsimire alimshika mkono, akamtangulia.

"Andika Nsimire," alisema. "Ni mimi."