Mfuniko Mwekundu

Mteja alitaka dawa ya panya. Mama Duka akafungua kopo la mfuniko mweusi, na pua yake ikakutana na harufu ya hamira.

Kopo la hamira na la sumu yalifanana kama pacha. Tangu alipofungua kiduka hiki katika chumba cha mbele alichoachiwa na marehemu mumewe, aliyatofautisha kwa mifuniko tu: mwekundu hamira, mweusi sumu. Na asubuhi hiyo, kwa usafi wake uliopita kiasi, aliivua yote, akaiosha na kuirudisha bila kuangalia. Mtu mzima na akili zake! Kubandika kikaratasi kungemgharimu nini?

Aliyenunua hamira tangu asubuhi alikuwa mmoja tu, wifi yake, dada wa marehemu, mwenye ulimi unaoweza kunyoa ndevu. Ndiye aliyesema siku ya kwanza, "Duka? Huyo hata chumvi itamwozea." Na wifi alikuwa na watoto wadogo.

Alimwacha mteja akishangaa, mlango wazi, akatoka mbio. Kandambili moja ilibaki mtaroni. Njiani shetani alimnong'oneza: rudi, unyamaze, nani atajua? Ukisema, hakuna atakayekanyaga dukani kwako tena, na wanao watakula nini? Alimlaani akazidi kukimbia.

Aliingia bila hodi. Watoto walikuwa mezani, mkate umeshakatwa, na kitinda mimba kipande ki mdomoni. Alimpokonya, akalisukuma sinia lote sakafuni.

"Tema! Tema, mwanangu!"

"Wewe una wazimu?" wifi alifoka.

"Ile hamira niliyokuuzia ni sumu ya panya. Nimechanganya makopo. Tuwakimbize hospitali, wifi, huyu nambeba mimi."

Wifi hakusogea. Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ule mguu mtupu, kisha akaingia chumbani, akarudi na kikapu. Kilijaa viberiti, sabuni, mishumaa na vifuko vya hamira, vyote havijafunguliwa. Kifuko cha asubuhi kilikuwa juu kabisa, fundo lake vilevile.

"Mkate nimenunua," alisema. "Mimi tangu lini najua kuoka?"

"Sasa, vitu hivi vyote vya nini?"

"Ningekupa pesa mkononi ungekataa. Nakujua, na kaka yangu alikujua."

Mama Duka alikaa palepale kwenye makombo akalia, kilio ambacho hata msibani hakukilia. Watoto walimtumbulia macho. Wifi alimwacha kidogo, kisha akamshika mkono.

"Basi, yatosha. Dukani umemwacha nani?"

"Hakuna mtu."

"Haya, inuka, wasije wakakubebea hata hayo makopo." Akamkabidhi kile kifuko cha juu. "Kesho nakuja kununua hamira. Lakini utaonja wewe kwanza."