Jumamosi Saba Machinjioni

Kisu kikipita kwenye tezi nzima hakisikiki. Kikipita kwenye tezi yenye kifua kikuu hulia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Nimeshakuwa mtu mzima, nina watoto wangu, na hadi leo nikikutana na chembe ya mchanga kwenye wali naweka kijiko chini na sili tena siku hiyo.

“Mbona umesimama, binti?” Gelasius aliniuliza. “Kata tena.”

Nilikata tena. Ikalia tena. Ndani yake kulikuwa na kitu cha manjano, kizito kama mtindi uliosahaulika kwenye kibuyu, na kisu changu kilipokigusa kilisogea polepole kuelekea kwenye kidole changu. Kilichonitia kichefuchefu zaidi ya ule usaha ni sikio lililokuwa limelala sakafuni karibu na mguu wangu, sikio la kushoto, jekundu, lililochanjwa mara mbili. Ile ilikuwa alama ya zizi letu.

Ilikuwa mwaka 1996, nami nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya bweni pale Mpanda. Maabara yetu ilikuwa na chura mmoja ndani ya chupa, aliyekuwa mweupe kwa kukaa kwenye dawa, na kila darasa lililopita lilimtazama yeye huyohuyo. Mwalimu Severini wa bayolojia, mtu mwembamba aliyekuwa na ugomvi na wizara nzima, alisema amechoka kufundisha moyo kwa chaki. Akaenda kuongea na Gelasius, bwana nyama wa machinjio yaliyokuwa pembeni mwa mji, aliyekuwa akikagua kila mnyama kabla nyama haijaenda bucha. Kisha akarudi darasani na kuuliza nani yuko tayari kwenda kujifunza huko kila Jumamosi asubuhi. Wenzangu waliziba pua kabla hata hawajafika. Nilinyoosha mkono mimi, Kashinje binti Nkwabi, mtoto wa mfugaji, nikidhani hakuna cha ng'ombe nisichokijua. Theopista, rafiki yangu, akanyoosha wake ili nisiende peke yangu.

Theopista alidumu Jumamosi moja. Alikuwa Mpimbwe, amekulia kwenye mpunga na samaki, na alipoona matumbo yakimwagwa alikimbilia nje akatapika hadi machozi. Hakurudi tena. Simlaumu. Mahali pale palikuwa pachafu kuliko uchafu wenyewe. Sakafu ya saruji ilipasuka, na ndani ya nyufa damu ya wiki ilikuwa imeganda, nyeusi, imejaa mabuu. Maji ya kuoshea nyama yalichotwa kwenye pipa walimonawa wachinjaji, na mbwa wasio na mwenyewe walilamba mtaro mpaka ukang'aa. Na katikati ya hayo yote Gelasius alisimama na koti lililowahi kuwa jeupe, akila muhogo wa kukaanga kwa mkono uleule aliotoka kupapasia maini.

Lakini alijua kufundisha, siwezi kumnyima haki yake. Hakuwa na kitabu. Alinishika mkono akauingiza ndani ya kifua cha ng'ombe kilichokuwa bado cha moto, akaniambia niutafute moyo kwa vidole. Alinionyesha minyoo ya maini, bapa kama majani, ikitoka kwenye mirija ukiikamua. Alinifundisha kupasua shavu la ng'ombe kutafuta tegu. Na Jumamosi ya nne alinifundisha kifua kikuu, kwenye ng'ombe mmoja aliyetoka Kasekese. Kanuni aliitaja mara tatu nami nikaiandika kwenye daftari. Ugonjwa ukiwa kwenye mapafu peke yake, yanatupwa mapafu. Ukiwa umetoka ukaingia kwenye utando wa mbavu, ukaota vipele kama punje za mtama, hapo hakuna mjadala: ng'ombe mzima anaingia shimoni na anamwagiwa mafuta ya taa. Siku hiyo mwenye bucha alibembeleza na Gelasius akakataa, na mimi nilirudi shuleni nikitembea kifua mbele, nikijiona nimesoma kuliko wenzangu wote.

Jumatano ya kabla ya Jumamosi ya saba, baba alikuja shuleni kwa baiskeli kutoka Mwamkulu. Tulisimama getini. Akaniambia yule maksai mwekundu amemuuza kwa mwenye bucha, kwa ajili ya ada yangu ya mtihani. Maksai yule nilimjua. Nilipokuwa mdogo, baba akishika plau, mimi ndiye niliyemtangulia kwa kamba, na pumzi yake ilinipiga mgongoni asubuhi nzima. Nikamuuliza baba kwa nini yeye.

“Anakohoa kidogo,” baba alisema. “Vumbi tu.”

Nilimwelewa. Kwetu ng'ombe haachwi afie zizini. Akianza kudhoofika anauzwa angali anatembea kwa miguu yake, na mfugaji anayengoja mpaka alale chini huchekwa kijiji kizima. Baba zake walifanya hivyo huko Meatu tulikotoka, na hakuna aliyewahi kuwauliza ng'ombe wale waliishia kwenye tumbo la nani. Mwenye bucha alikuwa na sharti lake pia: analipa baada ya nyama kupigwa muhuri. Bila muhuri hakuna malipo, na mkuu wa shule alikuwa ameshasoma mstarini majina ya watakaorudishwa nyumbani mwisho wa mwezi. Langu lilikuwa la tatu.

“Mayu,” baba alisema, akiniita kwa jina tunalowaitia mama na binti, “huyo ndiye mtihani wako.”

Basi hiyo ndiyo Jumamosi niliyosimama na kisu. Gelasius alikuwa ametangaza tangu wiki iliyotangulia kwamba siku ya mwisho nitakagua mimi na yeye atanitazama. Nilipomaliza tezi nikatazama mbavu. Vipele vilikuwepo. Vilikuwa vingi, vimeshikana, vinang'aa kwa unyevu kutoka ubavu wa kwanza hadi wa mwisho, na nikakumbuka ile pumzi mgongoni mwangu.

“Haya,” Gelasius alisema. “Leo bwana nyama ni wewe. Umeona nini?”

Mwenye bucha alikuwa mlangoni na toroli lake. Nzi walitua kwenye midomo yangu na sikuwafukuza.

“Safi,” nilisema.

Gelasius alinitazama. Nilitaka anipige kofi. Nilitaka anitukane, aniulize kanuni niliyoiandika, anifukuze kama mbwa wa mtaroni. Badala yake alitoa muhuri kwenye mfuko wa koti, akauchovya kwenye wino wa zambarau, akaniwekea mkononi. Nikapiga kwenye paja. Nikapiga kwenye bega. Kisha yeye akainama, akaingiza vidole vyake chini ya ule utando wa mbavu na kuubandua wote, taratibu, kama mtu anayevua soksi iliyolowa, mpaka mbavu zikabaki nyeupe na nzuri. Utando na mapafu akavitupa shimoni mwenyewe, akamwaga mafuta ya taa. Kumbe alikuwa ameona kabla yangu. Mwenye bucha alimkabidhi fungu lake la steki, si kutoka kwa yule mwekundu bali kutoka kwa ng'ombe mwingine, nami nikaelewa kwamba na mwenye bucha alijua.

“Umefuzu,” Gelasius aliniambia, akinawa kwenye lile pipa. “Mimi hili nilijifunza kwa miaka minne ya kazi. Wewe umetumia Jumamosi saba.”

Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa akinisifu kwa moyo wake wote, na hilo ndilo ninalolikumbuka kwa kinyaa kuliko vyote. Nilisugua mikono kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya kipande, lakini wino haukutoka chini ya kucha.

Shule yetu ilipika nyama Jumapili moja kwa mwezi, na ilinunua kwenye bucha ileile; mwezi huo iliangukia kesho yake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi hata kula sikula; niliwaachia wa kwangu wale. Bwalo zima liliimba kwa furaha. Nilikaa na sahani yangu nikitazama mafuta yakiganda juu ya mchuzi. Theopista, aliyekuwa kando yangu, aliinua kipande chake juu akacheka, kwa sababu pembeni kilikuwa na alama ya zambarau. Akawaonyesha wenzetu, akasema leo amepata kipande chenye sahihi ya serikali.

“Huli?” aliniuliza. “Nyie Wasukuma nyama mmeshaichoka. Lete hapa.”

Nilisukuma sahani kwake. Ningeweza kusema neno moja. Nilikuwa na mdomo, na yeye ndiye aliyenyoosha mkono ili nisiende peke yangu. Alikula kipande chake, akala na changu, akalamba vidole. Nikatoka nje nikatapika nyuma ya jiko, sikutapika nyama bali maji matupu.

Hakuna aliyeugua. Nyama ilichemshwa tangu alfajiri, na huenda moto uliua kila kitu. Nilimchunguza Theopista muhula mzima. Akikohoa kwa baridi tu, niliacha nilichokuwa nikifanya nikamsikiliza. Alimaliza shule mzima kama kigongo, akaolewa, na hadi leo ananitumia salamu. Ada yangu ililipwa. Kwenye mtihani wa taifa lilikuja swali kuhusu kifua kikuu, nikajaza kurasa mbili na kuomba karatasi ya ziada. Bayolojia nilipata A. Mwalimu Severini alilisoma jina langu mbele ya vidato vyote na kusema hayo ndiyo matunda ya kujifunza nje ya darasa.

Desemba ile nilikuwa nyumbani Mwamkulu. Tulikuwa tunakula, na baba alikuwa na furaha, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza vizuri. Akaanza kumzungumzia maksai mwekundu, kwamba kumbe lilikuwa vumbi kweli.

“Nilikuwa na wasiwasi,” alisema. “Nikajiambia, akiwa mgonjwa watamkataa. Si ndiyo maana yupo bwana nyama?”

Ningemwacha na amani yake. Lakini nilikuwa nimechoka kuibeba ile harufu peke yangu.

“Baba, siku ile aliyemkagua ni mimi.”

Alitafuna tonge lake akalimeza. Akaniuliza niliona nini, na nikamwambia yote, tezi na mbavu na muhuri. Mama aliacha kula. Baba hakunigombeza. Alinawa mikono, akatoka, na kupitia mlangoni nilimwona amesimama katikati ya ng'ombe wake, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Aliishi miaka mingine kumi na tisa. Nilipopata kazi na nyumba pale Kawajense alikuwa akija kunitembelea, na kila alipokuja alifunga kwenye baiskeli kuku mmoja, mzima. Akishuka tu aliomba kisu. Alimchinja mwenyewe, akamfungua tumbo mwenyewe, akageuzageuza ini lake kwenye mwanga, huku mimi nimesimama pembeni na sufuria.