Mkia wa Baraka

Jumapili ya kufunga kula, mwanzoni mwa Septemba, Norda Whetten alikwenda kanisani na njaa yake na furaha yake, na vyote viwili vikampanda kichwani. Mwanawe Garth alikuwa anagombea ugavana wa Arizona. Kura za maoni zilimweka mbele, si mbele sana, lakini mbele. Katika bonde lile la pamba, ambako Wamormoni wote ni binamu au wanakaribia kuwa binamu, hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kufika huko. Mama mtu alikuwa amevuka themanini na hakuona sababu ya kunyamaza.

Jumapili ya kufunga hakuna mahubiri. Anayesukumwa na moyo huinuka, akaenda mimbarini, akatoa ushuhuda wake, na hakuna anayemchuja mtu. Mmoja atamshukuru Mungu kwa mvua, mwingine atalia kwa sababu ya ndama aliyepona, mtoto atanong'onezewa maneno na mama yake. Ni desturi nzuri sana, ila kwa nyumba yenye mgombea ni sawa na kuacha mlango wazi na kwenda kulala.

Norda alishika mimbari kwa mikono miwili akasimulia siku Garth alipobarikiwa akiwa mchanga. Wanaume walisimama duara, kila mmoja na mkono wake chini ya mtoto, na babu mtu, mzee Ammon Whetten, ndiye aliyetamka baraka. Maneno yale hayakuandikwa popote. Wanaume wote wa duara lile sasa wako makaburini, akiwemo Verl, mume wake. Aliyebaki ni Norda, ambaye siku ile alikuwa amekaa kwenye benchi na akina mama wenzake, ametega masikio.

"Katiba ya nchi hii itafika mahali itaning'inia kwa uzi," alisema kwenye kipaza sauti, "na mkono wa mtoto huyu ndio utakaoudaka. Atakaa katika kiti cha watawala, na walichonyang'anywa baba zetu kitarudi mikononi mwa Bwana."

Baraka ile ilikuwa na mkia. Baraka zao zote zina mkia, nao ni ikiwa. Utapata hiki, utafika kule, ikiwa. Lakini machozi yalimziba Norda koo, akafunga kwa jina la Yesu Kristo, amina, akarudi kuketi. Watu wakafuta macho. Askofu Lunt, ambaye siku za kazi huuza matrekta, alifuta yake pia.

Tangu siku za ule ugonjwa mkubwa, kata yao, yaani ushirika wao, ilikuwa inarusha ibada mtandaoni kwa ajili ya wagonjwa walioko majumbani. Aliyekata kipande cha ushuhuda wa Norda na kukisambaza hajulikani mpaka leo. Jumanne kilikuwa kimeshafika Phoenix, mji mkuu wa jimbo, na Alhamisi mpinzani wa Garth alikuwa anakichezesha kwenye mikutano yake huku akitikisa kichwa kama mtu anayehurumia. "Mnamchagua gavana," aliwaambia watu, "au mnawachagulia Wamormoni mfalme?"

Na hapo ndipo penye kidonda. Watu wa Norda wana historia na viti vya watawala, na si historia ya kuimbia watoto. Nabii wao wa kwanza aligombea urais wa nchi nzima, na kabla uchaguzi haujafika alikuwa ameuawa kwa risasi, gerezani, na genge la watu waliojipaka masizi usoni. Kabla ya hapo alikuwa ameunda Baraza la Hamsini, wanaume waliokutana faraghani kupanga serikali ya ufalme wa Mungu, na kwa masimulizi ya akina Whetten babu wa mzee Ammon alikuwa mmojawapo. Kisha wakafukuzwa, wakavuka nyika na mikokoteni, wakachora jimbo lao wenyewe kubwa kuliko nchi nyingi, na serikali ikawakatia kipande ikawatumia na jeshi. Akina Whetten wanalisimulia hilo kama wengine wanavyosimulia shamba la ukoo lililoporwa. Ule unabii wa katiba na uzi, viongozi wa kanisa wenyewe waliukana zamani. Lakini kilichokanwa ofisini hakifi jikoni kwa bibi.

Garth alikuja Ijumaa na meneja wake wa kampeni, Bwana Pruitt, Mbaptisti mwembamba aliyefundishwa tangu utoto kwamba Wamormoni si Wakristo, na sasa anawatafutia kura. Norda aliwakatia mkate wa moto akawawekea na pichi zake alizohifadhi kwenye chupa. Garth hakugusa. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa ya Verl kabisa, yale ya mwaka ule pamba ilipokataa.

Pruitt ndiye aliyeanza, kwa adabu. "Bibi, watu wa kanisani kwangu walikuwa tayari kumpigia Garth kura huku wamefumba macho. Wewe umewafumbua."

"Nilisema nini ambacho si kweli?"

"Mama," alisema Garth, "kura zimeshuka. Zikishuka wiki nyingine moja, tumekwisha."

Walimweleza walichotaka. Aseme alitunga. Bibi kizee, mapenzi ya mama, maneno yalimzidi. Wangemwandikia, yeye asome tu mbele ya kamera, na habari iishe. Norda aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Akisema alitunga, atakuwa amemfanya mzee Ammon mwongo akiwa kaburini, na mkono wa mzee Ammon ndio uliomshika Garth shingo ili isivunjike. Hilo hafanyi, hata kwa kiti cha urais.

Garth alisema, bila kumtazama, "Basi usiseme chochote. Nyamaza tu. Sisi tutasema."

"Mtasema nini?"

"Tutasema umezeeka."

"Nimezeeka kweli."

"Zaidi ya hapo, Mama."

Norda alielewa. Aliutazama mkate uliokuwa unapoa. Kisha akamuuliza kitu kimoja tu, palepale mbele ya Mbaptisti. "Wewe unaiamini hiyo baraka?"

Garth aliinua uso, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa lile jibu alilowapa waandishi wa habari tangu Januari, maneno yaleyale na tabasamu lilelile. "Mimi nagombea ugavana, sigombei uaskofu."

Norda angeweza kukataa. Lakini yeye alikuwa anaiamini, ndiyo taabu yake. Kama Bwana alishamwandikia mwanawe kile kiti, basi jina la kizee mmoja ni kitu gani? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Norda aliona huu ni uchungu mwingine wa kuzaa tu, utapita. "Semeni," alisema.

Tangazo lilitoka kesho yake. Familia inaomba faragha. Mama yetu mpendwa anaugua ugonjwa wa kusahau, hutunga mambo na kuyaamini, na inasikitisha kwamba wapinzani wetu wanautumia udhaifu wake. Lilikuwa tangazo zuri, la kuliza. Mpinzani akalazimika kuomba radhi hadharani kwa kumcheka bibi mgonjwa. Kura zikapanda.

Kitu ambacho Norda hakukijua ni kwamba uongo ukishapewa chumba ndani ya nyumba, unadai na funguo.

Wiki ya kwanza Norda aliletewa chakula. Akina mama wa kata walikuja kwa zamu na viazi vya jibini, vile wanavyopika msibani, wakamsemesha polepole na kwa sauti kubwa. Aliwaambia yuko salama, wakatazamana. Wiki iliyofuata Janalee, mkewe Garth, alihamia ili kumwangalia, mwanamke mwema asiye na hila, akachukua ufunguo wa gari. "Ni kwa ajili yako, Mama," alisema, akambusu. Baadaye alichomoa vitufe vya kuwashia jiko akaviweka kwenye mkoba wake. Norda alikuwa anaoka mkate kila Ijumaa tangu alipoolewa, na sasa alisimama mbele ya jiko lake mwenyewe kama mgeni.

Alimpigia Garth simu. Akamwambia waambie basi angalau hawa wa nyumbani. Garth alisema uchaguzi ukipita, Mama, mtu mmoja akijua wote watajua. Alikuwa kwenye basi la kampeni, watu wanashangilia nyuma yake. Alisema anampenda. Norda akajibu na yeye anampenda, na ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomfunga kamba.

Kisha wakamwondolea darasa. Alikuwa amefundisha maandiko kwa akina mama miaka mingi, hana karatasi, anataja sura na mstari kutoka kichwani. Hawakumfukuza, kule hawafukuzi mtu. Askofu Lunt alisimama Jumapili akatangaza kwamba Dada Whetten amepumzishwa, na wote wanaotaka kumshukuru kwa utumishi wake waonyeshe kwa kuinua mkono. Mikono ikainuka kanisa zima, hata ya watoto. Norda aliitazama ile mikono, iliyojaa upendo, na hasira ikamkaba hasa. Hakuna pa kupigia ngumi mahali ambapo kila mtu anakupenda.

Novemba Garth alishinda. Bonde zima lilipiga honi. Norda alimtazama kwenye televisheni akimshukuru Mungu, mkewe, wapiga kura, "na mama yangu, ambaye pengine hajui kinachoendelea usiku huu." Watu ukumbini walitoa sauti ya huruma. Norda alikuwa ameshika bakuli la bisi mapajani, na alijua kinachoendelea mpaka hesabu ya kila wilaya.

Uchaguzi ulikuwa umepita. Alingoja Garth aseme. Hakusema. Alipoulizwa kwa simu, alisema sasa ndiyo vibaya zaidi, Mama, wataniita mwongo kabla sijaapishwa.

Jumapili ya kufunga ya Desemba, Norda alivaa gauni lake la bluu akainuka mwenyewe kabla Janalee hajamdaka mkono. Alifika mimbarini. "Ndugu zangu," alisema, "mimi si mgonjwa. Sijawahi kuwa mgonjwa." Mshauri wa askofu, kijana aliyefundishwa na Norda mwenyewe nyimbo za kwanza, alipeleka kidole kwenye kitufe kilicho pembeni mwa kiti chake. Kipaza sauti kikazimika. Norda aliona midomo yake inakwenda lakini hakujisikia. Askofu Lunt akamwashiria mpiga kinanda, wimbo ukaanza, na Janalee akaja, machozi yakimtoka, akamwongoza kurudi benchi. Matangazo ya ibada mtandaoni, yale ya wagonjwa, walikuwa wameshayakata tangu Septemba.

Baada ya ibada kila mtu alikuja kumkumbatia.

Garth alifika mwanzoni mwa Januari, mchana, peke yake. Dereva alibaki nje. Alikuwa amenenepa kidogo, amekata nywele. Janalee alikwenda chumbani kukunja nguo ili awaachie nafasi. Garth alivuta kiti jikoni, akakaa magoti yakigusana na ya mama yake kama alivyofanya utotoni.

"Naapishwa Jumatatu," alisema. Kisha akaendelea kwa sauti isiyokuwa ya televisheni. "Nataka unisemee ile baraka, Mama. Kama ulivyokuwa unanisemea siku zangu za kuzaliwa."

Norda alimtazama. Kumbe alikuwa anaiamini. Siku zote alikuwa anaiamini, hata siku ile mbele ya Pruitt.

"Si unaijua," alisema.

"Naikumbuka yote ila mwisho. Kulikuwa na ikiwa. Imekuwa ikinisumbua usiku. Ikiwa nini?"

Ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi wake, na sauti ya mzee Ammon ndani yake, nzito na yenye kikohozi. Ikiwa hatakinunua kiti hicho kwa uongo. Norda aliyapima maneno yale. Alijua yangemfanya nini mwanawe. Na alijua kwamba kuna kitu kimoja tu ambacho yeye, mama, anakihitaji kutoka kwa Garth kwanza, kidogo kabisa, hata kama kitasemwa kwa kunong'ona na hakitatoka jikoni humo. Akamwachia mlango wazi wa kukiri.

"Sikumbuki," alisema.

Alingoja. Aseme tu: Mama, unakumbuka, wewe si mgonjwa, mimi ndiye niliyesema. Angempa yote, kichwa na mkia, kisha angemshika walie wote wawili. Garth alimtazama usoni. Macho ya Verl yakajaa maji. Kisha kitu kikatulia ndani yake, kama mtu aliyepata pa kuweka mzigo, akampapasa mkono.

"Si kosa lako, Mama," alisema kwa sauti kubwa, polepole.

Alimbusu kwenye paji la uso. Norda alimsikia mlangoni akimwambia Janalee, kwa sauti ya mtu aliyefiwa kweli, kwamba ugonjwa umezidi, hata baraka imemtoka. Gari likaondoka.

Jikoni, mbele ya jiko lisilo na vitufe, Norda aliisema baraka yote kwa sauti, toka uzi wa katiba mpaka kiti cha watawala, mpaka ikiwa, mpaka neno la mwisho, asikose hata moja. Janalee, aliyekuwa koridoni na shuka mikononi, alimsikia mama mkwe wake akiongea peke yake. Akaziweka shuka chini, akaja kumshika mkono ampeleke akapumzike.